Bi Ngiri na Bunduki Isiyolia

Paukwa!

Pakawa!

Sijawasikia wa nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua, mikono haizibi masikio. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa msijifanye hamsikilizi, maana hii inawahusu ninyi zaidi.

Zamani hizo, kale ya kale, wanyama walikuwa wakilima. Walilima, walipanda, walipalilia, walivuna. Alikuwapo Ngiri mmoja, mjane, na wenzake walimwita Bi Ngiri. Mume wake aliliwa na Chui. Alimwachia watoto watatu na shamba moja kwenye mteremko, juu ya mto.

Bi Ngiri hakuwa na jembe. Alipiga magoti ya mbele, akashusha pua, akalima kwa meno yake yaliyopinda. Kuru, kuru, kuru, tuta moja. Kuru, kuru, kuru, tuta la pili. Alilima mpaka mgongo ukamuuma. Mvua ya kwanza iliponyesha, akapanda karanga. Karanga moja, shimo moja. Karanga moja, shimo moja. Akamaliza, akaoga tope, akaenda kwake, akaingia shimoni kinyumenyume kama ngiri wote, akalala.

Juu ya shamba ulisimama mkuyu. Ndani ya mkuyu waliishi Kindi. Sikuambii walikuwa wangapi, maana hata wao hawakujua. Asubuhi walishuka. Fuku, fuku, fuku, wanafukua. Tafu, tafu, tafu, wanatafuna. Walifuata mstari uleule aliopanda Bi Ngiri, shimo kwa shimo, kama walioonyeshwa. Walipomaliza walikaa juu ya tuta, mikia mgongoni, wakaimba:

Ngiri kalima, Kindi kavuna!
Ngiri kapanda, Kindi katafuna!

Bi Ngiri akatoka mbio, mkia wima.

"Tokeni! Tokeni shambani kwangu!"

Wakapanda mti. Akarudi nyumbani. Wakashuka.

Akapanda tena, kikapu cha pili. Safari hii alitengeneza sanamu ya majani, akaivika kibuyu kuwa kichwa. Siku ya kwanza Kindi waliiangalia kwa mbali. Siku ya pili waliizunguka. Siku ya tatu mmoja wao alikaa juu ya kibuyu akila karanga, maganda akiyaangusha puani mwa sanamu.

Bi Ngiri akaenda chini ya mkuyu kusema nao kwa maneno. Akatoka Mama Kindi, mkubwa wao, akakaa kwenye tawi la chini.

"Mama Kindi," akasema Bi Ngiri, "zile karanga ni zangu."

"Zilikuwa zako zikiwa kikapuni," akajibu Mama Kindi. "Zikishaingia ardhini ni za mwenye kuzichimbua."

"Nina watoto watatu."

"Na mimi nina watoto. Nikuitie uwahesabu?"

"Kiangazi kikija, wangu watakula nini?"

"Kiangazi kikija tutajua," akasema Mama Kindi. Akapanda juu.

Bi Ngiri akarudi nyumbani. Akatazama mbegu zilizobaki. Kilibaki kikapu kimoja. Hicho kikiliwa, hakuna kingine. Akakaa nacho kwa muda, kisha akasimama, akaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa Kigong'ota. Alikaa kwenye gogo kavu ng'ambo ya mto, akichonga kutwa kucha. Ko-ko-ko-ko! Ko-ko-ko-ko! Alichonga mizinga, vinu, mipini na silaha.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Bi Ngiri. Unataka nini?"

"Nataka silaha. Kindi wananimaliza."

Kigong'ota alikuwa na kazi ya mtu mkononi, hakuuliza zaidi. Akamwonyesha kwa mdomo gobore lililoegemezwa kwenye gogo.

"Chukua hilo ulijaribu. Likikufaa tutapatana."

Bi Ngiri akalibeba. Alfajiri akalijaza baruti, akalilaza kwenye tuta, akalielekeza kwa Kindi, akafumba macho.

NDUUUUU!

Lo! Mteremko mzima ulitikisika. Matunda ya mkuyu yalianguka kama mvua. Ng'ambo ya mto Pundamilia walikimbia bila kujua wanakimbia nini. Moshi ulitanda shamba zima, Bi Ngiri akaanguka chali. Moshi ulipoondoka, hakukuwa na Kindi hata mmoja aliyekufa. Kabla ya saa sita mchana wote walikuwa wamerudi. Fuku, fuku, fuku.

Alasiri akaja jirani yake. Jirani yake alikuwa Kanga, na kiota chake kilikuwa kwenye nyasi ndefu, pembeni kabisa mwa shamba. Kanga alitembea taratibu, madoadoa yake yamejaa vumbi.

"Bi Ngiri, jirani yangu. Wewe ndiye uliyepiga kile kitu?"

"Ni mimi, Bi Kanga."

"Nilikuwa nimelalia mayai. Mayai kumi na mawili. Kile kitu kilipolia, miguu yangu ilikimbia kabla sijaiambia. Nilikimbia mpaka mawe meupe kule juu. Niliporudi, mawili yalikuwa yamepoa. Nimeyagusa kwa shavu. Yamepoa kabisa."

Bi Ngiri akainamisha kichwa.

"Nisamehe, jirani. Sikujua."

"Nimekusamehe. Lakini ukipiga tena, nitakimbia tena. Siwezi kujizuia, ndivyo tulivyo Kanga. Yamebaki kumi. Nakuomba."

"Sitapiga tena kitu kinacholia," akasema Bi Ngiri. "Nakuahidi."

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Bi Ngiri akalibeba gobore, akavuka mto, akalirudisha.

"Limekushinda?" akauliza Kigong'ota.

"Limemkimbiza jirani yangu kwenye mayai. Nataka silaha isiyolia."

Kigong'ota akaacha kazi aliyokuwa akiifanya. Akageuza kichwa upande, akamtazama kwa jicho moja.

"Kaa. Leo tuzungumze vizuri. Unapiga nani?"

"Kindi."

"Wanakuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua ishirini. Thelathini wakiwa mbali."

"Nani anaishi karibu?"

"Kanga, kwenye nyasi. Watoto wangu, shimoni. Na njia ya kwenda mtoni inapita chini ya shamba."

"Nani anapita hiyo njia?"

"Kila mtu."

Kigong'ota akaingia ndani ya gogo, akatoka na upinde.

"Huu haulii."

Bi Ngiri akajaribu kuvuta uzi. Kwato zikateleza. Akajaribu kwa meno, uzi ukamchapa puani. Akaurudisha.

Fundi akatoa manati.

"Hii nayo hailii."

Bi Ngiri akaibana manati kwenye kisiki, akavuta mpira kwa mdomo, akaachia. Jiwe likaenda lilikotaka lenyewe. Likampata Kenge aliyekuwa akiota jua, akatumbukia majini akitukana.

"Si hiyo," akasema Kigong'ota.

Akaingia tena. Safari hii alikaa ndani muda mrefu. Akatoka na kitu kirefu, chembamba, kitako cha mninga, mtutu umepakwa mafuta.

"Hii ni bunduki ya upepo. Haili baruti. Unausukuma upepo ndani kwa mpini huu, mara sita, mpaka uone mguu wako unakataa. Risasi yake ni ndogo kama punje ya choroko. Kifyatuo nimekifanya kipana, kwato inakitosha. Itazame."

Akaweka tunda la mkuyu juu ya jiwe, hatua ishirini na tano. Bi Ngiri akasukuma mpini mara sita. Akalenga. Akakanyaga kifyatuo.

Fyu.

Ilikuwa kama mtu aliyetema kokwa la zambarau. Tunda lilidondoka. Njiwa aliyekuwa kwenye tawi la juu hakugeuza hata kichwa.

"Hii," akasema Bi Ngiri. "Hii ndiyo ninayoitaka."

"Ngoja," akasema Kigong'ota. "Gobore linajitangaza lenyewe. Likilia, kila mtu anajua, anajificha, anauliza nani kapiga. Hii haimwambii mtu. Ukipiga, aliye hatua kumi hajui kama umepiga. Kwa hiyo kazi ya kujua yote ni yako. Mtazame unayempiga mwanzo mpaka mwisho, kichwa mpaka mkia. Tazama kilicho nyuma yake. Jani likitikisika, usipige. Jani si Kindi."

"Nimesikia, fundi."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia."

Wakapatana, akaibeba.

Bi Ngiri akapanda kikapu cha tatu. Kisha akalala kwenye kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba, bunduki mbele yake, akangoja.

Kindi wakashuka. Fuku, fuku, fuku. Bi Ngiri akamwona mmoja. Akaona kichwa. Akaona mgongo. Akaona mkia. Nyuma yake tuta la udongo mtupu.

Fyu.

Kindi akalala ubavu. Wenzake wakaendelea kula.

"Huyu naye," akasema mmoja, "hata hajala vizuri, ameshalala."

Fyu.

"Na huyu!"

Fyu.

Wa tatu alipolala, Mama Kindi akasimama kwa miguu ya nyuma. Akawanusa waliolala. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi hatua ya pili, kisha akapiga kelele, wote wakapanda mti. Siku hiyo hawakushuka tena.

Siku ya pili walishuka wachache, wakapungua. Siku ya tatu wachache zaidi. Karanga zikaota. Zikatoa majani mawili, majani manne, maua ya njano. Watoto wa Ngiri walicheza kandokando ya matuta, na mama yao aliwatazama akiwa juu ya kichuguu.

Kanga akapita kumtembelea.

"Bi Ngiri, siku hizi sijasikia kitu. Umeacha kuwinda Kindi?"

"Sijaacha. Leo asubuhi nimepiga wawili."

"Leo asubuhi? Nami nilikuwa hapo hapo kwenye nyasi?"

"Ulikuwa hapo hapo."

Kanga akacheka mpaka shingo ikatetemeka. "Sasa huo ndio ujirani! Piga, mama, piga unavyotaka. Mayai yangu kumi yako salama. Nayalalia bila hofu."

Akaenda zake akiwa na furaha. Bi Ngiri naye alikuwa na furaha. Siku zile zilikuwa njema, nisiwafiche.

Lakini karanga zilikua. Majani yakafunga, tuta na tuta vikashikana, na mwenye kuingia humo alionekana kwa kutikisika kwa majani tu. Zamani Bi Ngiri alingoja kichwa, mgongo na mkia. Sasa akingoja mkia, Kindi alishaondoka na karanga. Akaanza kupiga akiona masikio. Akampata. Akaanza kupiga akiona kitu cha rangi ya udongo. Akampata. Akaanza kupiga jani likitikisika. Mara nyingi akampata.

Siku moja jani likatikisika. Fyu. Akaenda kutazama, akakuta Njiwa. Njiwa hali karanga za watu. Bi Ngiri akatazama huku na huku. Hakuna aliyesikia, hakuna aliyeuliza. Akafukua kidogo kwa pua, akamzika kwenye tuta, akarudi kichuguuni.

Siku nyingine jani likatikisika. Fyu. Ting!

"Nani kanirushia jiwe?" Ikatoka sauti kwenye majani. Alikuwa Kobe. "Nauliza, nani kanirushia jiwe mgongoni? Mtu hawezi kupita kwenda kunywa maji?"

Bi Ngiri akalala chini kabisa juu ya kichuguu. Kobe akaendelea na safari yake akinung'unika, na ilimchukua nusu siku kutoka shambani, na nusu siku nzima Bi Ngiri hakuinua kichwa.

Ikafika asubuhi moja, jua limeshapanda. Kanga alitoka kwenye kiota kutafuta chakula. Kila siku alikwenda upande wa mchangani kula mchwa. Siku hiyo akawaza, viwavi wameshaingia kwenye karanga za jirani, ngoja nile huko, nishibe nami nimsaidie. Akaingia. Akainama chini ya majani, akala kiwavi kimoja, akala cha pili.

Jani likatikisika.

Fyu.

Bi Ngiri akashuka taratibu. Alikuwa akihesabu moyoni, huyu wa pili leo. Akatenganisha majani kwa pua.

"Bi Kanga."

Kanga alikuwa amelalia bawa. Jicho lake lilikuwa wazi.

"Bi Ngiri, umekuja? Afadhali. Kuna kitu kimenichoma. Kimeingia hapa ubavuni. Sikukiona, sikukisikia. Umemwona nyoka?"

Bi Ngiri akageuka, akatazama kichuguuni, bunduki ilikolala.

"Nadhani ni nyoka," akasema Kanga. "Jirani, mayai yangu. Nimeyaacha sasa hivi tu. Usiyaache yakapoa."

Akanyoosha miguu, akafa. Alikufa akidhani ni nyoka.

Shamba lilikuwa kimya. Mto ulisikika kule chini, na watoto wa Ngiri walicheza mbali. Hakuna aliyeinua kichwa mahali popote. Bi Ngiri akatazama huku, akatazama huku. Kisha akapiga magoti akaanza kufukua. Kuru, kuru, kuru. Udongo ulikuwa laini. Shimo likafika ukubwa wa Njiwa. Kuru, kuru, kuru. Likafika ukubwa wa Kanga.

Hapo akasimama.

Akayakumbuka mayai. Kama angeyaacha, yangepoa, na hakuna ambaye angejua. Kama angekwenda kuyalalia, kila apitaye angeuliza, Bi Ngiri, unafanya nini kwenye kiota cha mtu? Asingeweza kuyaokoa mayai na kuficha siri. Ilikuwa ama hili ama lile. Jua lilisogea, na Bi Ngiri alisimama pale kando ya shimo, pua imejaa udongo. Jua likasogea tena.

Akaliacha shimo wazi. Akambeba Kanga kwa mdomo, kwa upole, akaenda naye kwenye nyasi ndefu. Akamlaza kando ya kiota. Akayagusa mayai kwa shavu. Yalikuwa na uvuguvugu kidogo.

Sasa, ngiri analaliaje mayai? Ngiri ni mzito. Alipiga magoti. Akajaribu upande wa kushoto. Pwa! Likapasuka moja. Akaruka, akalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akakusanya nyasi kavu, akazijaza kandokando, akajinyoosha pole pole mpaka tumbo likayafunika yale tisa bila kuyaelemea. Akatulia hivyo.

Kindi hawakukawia. Waliona kichuguu hakina mtu. Fuku, fuku, fuku. Tafu, tafu, tafu. Bi Ngiri aliwasikia. Hakuinuka. Mama Kindi akaja mpaka kwenye nyasi, akasimama mbali kidogo.

"Bi Ngiri, ni mtego?"

"Si mtego."

"Bunduki iko wapi?"

"Iko kichuguuni."

"Na huyo aliyelala kando yako?"

"Ni Kanga. Nimemuua. Nilidhani ni ninyi."

Mama Kindi akamtazama Kanga. Akatazama tumbo la Bi Ngiri na nyasi zilizozungushwa.

"Sisi umetuua kumi na tisa," akasema. "Mmoja wao alikuwa na wachanga mtini. Hao hukwenda kuwalalia."

"Mliniibia."

"Tulikuibia," akasema Mama Kindi. "Ni kweli."

Akageuka, akarudi shambani, akala pamoja na wenzake. Siku hiyo hawakuimba.

Jioni jua halijazama, likaja kundi la Kanga kutafuta mwenzao. Mbele alikuwa mdogo wake marehemu, Kanga Mdogo. Wakaona. Wakapiga kelele, chekechee! chekechee! chekechee! Mteremko mzima ukajua. Wanyama wakaja, Kobe naye akaja, Pundamilia wakasimama ng'ambo ya mto. Bi Ngiri alisema yote akiwa amelala. Akasema bunduki. Akasema jani. Akasema Njiwa aliyemzika. Akamgeukia Kobe, akasema, "Na lile halikuwa jiwe."

Kanga Mdogo akasogea karibu.

"Kwa nini hukumwambia ni wewe? Alipokuuliza?"

"Nilishindwa."

"Na kwa nini hakusikia? Angalau angekimbia."

"Bunduki hailii."

"Sikuulizi habari za bunduki," akasema Kanga Mdogo. "Nakuuliza wewe. Wewe una sauti. Ulikitafuta kimya cha bunduki kwa ajili yake, halafu ukakitumia kujificha wewe mwenyewe."

Wanyama wakatazamana. Wengine walitaka afukuzwe mteremkoni siku ileile. Kanga Mdogo akakataa.

"Akiondoka, mayai yatalaliwa na nani? Mimi nina yangu kumi na sita, siwezi kulalia viota viwili. Atalala hapo hapo mpaka yaanguliwe."

Wakamchukua marehemu, wakaenda kumzika kwenye mawe meupe. Bi Ngiri hakwenda, alikuwa na mayai.

Alilala siku nane. Jua likamchoma mgongo, mvua ikamnyeshea. Watoto wake walimletea mizizi na maji kwenye ganda la kibuyu. Kupe walimpanda, hakujikuna. Upande wa pili alisikia karanga zake zikiliwa, tuta la kwanza, tuta la pili, mpaka la mwisho. Wapita njia walimwona, wakapita.

Siku ya tisa akasikia chini ya tumbo. Ti. Ti-ti. Ti-ti-ti. Akajiinua. Yai moja likafunguka, la pili, la tatu. Wakatoka sita. Matatu hayakufunguka. Vifaranga wale sita walimtazama Ngiri, meno yake, pua yake, wakaona ndiye mama. Wakamfuata. Alikwenda mtoni kunywa, wakamfuata mstari mmoja. Alirudi, wakarudi. Kwa siku moja nzima alikuwa na watoto tisa.

Siku iliyofuata Kanga Mdogo akaja. Akawaita kwa lugha yao. Vifaranga wakasimama katikati, wakatazama huku na huku, kisha wakakimbilia sauti ile. Kanga Mdogo akawahesabu kwa macho. Hakusema ahsante, hakusema pole. Akaondoka nao.

Mavuno yale Bi Ngiri alipata karanga zisizojaa nusu ya kikapu. Kiangazi kilikuja kama kinavyokuja. Yeye na watoto walikula mizizi ya mtoni, walikonda mpaka mbavu zikahesabika, na mtoto wa mwisho aliugua, lakini hakufa. Zile karanga chache hawakuzila. Walizitunza kuwa mbegu.

Mvua iliporudi, aliibeba bunduki akaenda nayo kwa Kigong'ota.

"Ichukue."

Fundi akaikagua mtutu mpaka kitako. "Haina ubovu."

"Najua haina."

"Na Kindi bado wapo?"

"Wapo."

"Basi nikiichukua utavuna nini?"

Bi Ngiri akafikiri, akairudisha nyumbani. Akapanda matuta machache, yenye nafasi pana, ili majani yasifunge. Akasimika mti mrefu kichuguuni. Akazunguka mteremko mzima, nyumba kwa nyumba, akisema hivi: "Mkiona kitambaa chekundu kiko juu ya mti, nipo na bunduki, msikanyage shambani. Kikishuka, piteni." Kila alipokipandisha aliita kwa sauti mara tatu, si kwa kelele ya kutisha, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake. Kisha alingoja kichwa, mgongo na mkia. Jani likitikisika, aliliacha litikisike.

Kindi nao wakakijua kile kitambaa. Kikiwa juu hawakushuka. Kikishuka, walishuka. Walikula theluthi ya shamba mwaka ule, na Bi Ngiri akavuna iliyobaki. Bunduki ilipiga mara nne tu msimu wote.

Lakini ukoo wa Kanga haukumsalimia. Walipita kando ya shamba kila asubuhi, wao na vifaranga wao ambao sasa walikuwa wakubwa, shingo zimenyooka. Bi Ngiri alisimama kando ya njia, akingoja. Wakapita. Mwezi ukaisha, wakapita. Masika yakaisha, wakapita. Hakulalamika kwa mtu.

Asubuhi moja ya mavuno alikuwa amepiga magoti akichimba. Kuru, kuru, kuru. Kundi likapita. Aliyekuwa nyuma kabisa akasimama. Alikuwa Kanga Mdogo. Akatazama mti. Kitambaa kilikuwa chini. Akatazama shamba. Akabaki amesimama mpaka wenzake wakageuka kumngoja.

"Umeamkaje, Bi Ngiri?" akasema.

Bi Ngiri akabaki amepiga magoti, udongo puani.

"Nimeamka," akasema. "Nimeamka, mama."

Kanga Mdogo akaendelea na njia yake.

Sasa sikilizeni, wakubwa na wadogo. Ukichukua kitu kinachoweza kuumiza bila kusikika, usifikiri kazi yako imepungua, imeongezeka. Tazama kabla hujapiga, na ukikosea, jitaje mwenyewe kabla hujaulizwa, maana anayeumia anastahili kujua ni nani aliyemuumiza.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini. Ikiwa nzuri, ni ya kwetu sote. Ikiwa mbaya, niachieni mimi niliyeisema.